Visogo

Kazi yangu ni kutazama visogo.
Mwaka wa kumi na moja huu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu,
Tbilisi, ambako theluji ya Februari hugeuka tope kabla ya saa nne.
Wanapanda ngazi wakihema, nami nawaambia:
vueni saa, vueni pete, geuzeni mifuko nje.
Hata leso naikunjua.
Kisha kiganja juu ya kioo cheusi, mashine isome mishipa.
Bibi yangu alisoma viganja vya watu kwa mayai mawili,
akawaambia wataolewa na nani.
Mashine yangu haitabiri. Inataka tu kujua
kama aliyerudi kutoka msalani ndiye aliyekwenda.

Wapo wanaodhani ni mtihani kama wa shule,
maswali yaleyale kwa wote, anayejua ajibu, asiyejua atafune kalamu.
Sivyo.
Huu unakusikiliza.
Ukijibu sawa, unakuletea gumu kuliko lile.
Ukipatia tena, unakaza kamba.
Ukikosa, unalegea, unakuwa mpole
kama daktari mwenye habari mbaya.
Ndiyo maana wajanja huogopa wepesi.
Nilimwona kijana mmoja, Zviad, mwana wa mfanyabiashara wa njugu,
amefika swali la kumi na tano, akacheka kwa raha: rahisi!
Halafu kisogo kikakauka.
Alikuwa ameelewa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Hapa zote hupitishwa kitana kimoja:
za mhandisi, za mtawa aliyeacha utawa,
za yule anayetaka kusomea biashara kwa kuwa biashara ya babake imekufa.
Meno ya kitana ni dakika mbili kwa swali.
Nimeyaona katika vitabu wanavyosahau makabatini:
treni mbili zinaondoka vituo viwili,
duka linapunguza bei asilimia ishirini, kisha kumi,
hoja ya mwandishi ina ufa, uko wapi?
Mwisho, namba. Na kando yake namba ya pili
inayosema umewapita wangapi katika kila mia,
watu usiowajua, wa Seoul, wa Lima,
ambao nao, mahali fulani, wanaambiwa wamekupita wewe.

Mzevinar alikuja mara tatu.
Mhasibu wa kiwanda cha mkate, Kutaisi, miaka arobaini na mitatu,
sketi ileile ya kahawia,
akiomba ufunguo wa kabati namba tisa kama anayemuulizia jirani.
Mara ya kwanza alilia chooni.
Mara ya pili hakulia, jambo lililonitisha zaidi.
Mara ya tatu, dakika ya arobaini, mabega yalimpanda,
akaikunjia skrini uso (kamera ilinionyesha),
akanong'ona tusi,
akatabasamu.
Gumu. Amepewa gumu!
Nilitaka kupiga makofi. Nikajifanya nakohoa.

Sijui alipata ngapi. Karatasi ilitoka kifudifudi,
nikamkabidhi hivyo hivyo, kama inavyotakiwa.
Aliikunja mara nne bila kuitazama, akajifunga skafu,
akauliza kama basi la saa kumi bado lipo.
Nikasema lipo.

Kisha nikakusanya vibao vya plastiki wanavyofanyia hesabu.
Chake kilijaa hadi pambizoni: vipeuo, mishale, pembetatu.
Na kwenye kona, chini kabisa, kwa herufi ndogo,
hesabu ambayo hakuna aliyemuuliza:
ada mara tatu,
nauli mara sita,
siku za mshahara zilizokatwa.
Alikuwa amejumlisha. Nami nikajumlisha, kichwani, nimesimama.
Jibu lilikuwa sahihi.

Sheria inasema vibao vifutwe kabla ya kufunga.
Nikalowesha kitambaa.